Kiti cha Sita

Mama Sindano alikuwa amefika kona ya mwisho ya kiti cha sita aliposikia breki za gari nje ya kibanda. Gari kwenye uchochoro ule lilikuwa la msiba au la shari, na hapakuwa na aliyekufa. Akaisukuma ndani ya sponji ile sindano yake iliyopinda kama kucha ya paka, kama alivyofanya kila aliposimamisha kazi, isije ikapotea. Ikazama yote. Uzi mwekundu tu ndio uliobaki nje, ukining'inia.

"Leo tumepata wateja wa magari," alisema wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa chini akinyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe. "Pandisha bei, wifi."

"Nyamaza kwanza."

Wiki tatu nyuma viti vile vilikuwa vimelala nyuma ya ofisi kubwa, mvua ikivinyea, matumbo nje. Mtunza stoo wa ofisi ndiye aliyemwambia, "Beba tu mama, hizo ni kuni." Akavibeba kichwani, kimoja kimoja, safari sita. Sponji alikata kwenye godoro lililoungua upande mmoja. Kitambaa kilikuwa mapazia ya ukumbi yaliyopauka; aliyageuza, ule upande usiojua jua ukawa juu. Kesho mwenye mgahawa angevichukua, na paa la chumba wanacholala watoto lingezibwa.

Mbao zote alizipiga msasa, isipokuwa mahali pamoja: chini ya kikalio, palipoandikwa namba kwa rangi nyeupe. Mumewe ndiye aliyemfundisha kazi, na alikuwa na sharti moja. Usifute alama ya aliyekutangulia. Nawe kuna atakayekufungua.

"Hodi," alisema mtunza stoo, ameshaingia. Nyuma yake alikuja askari mwenye daftari.

"Karibuni, bosi. Karibu, afande."

"Geuza hicho." Mtunza stoo alionyesha kiti kilichokuwa karibu na mlango.

Mama Sindano akakigeuza.

"Mia mbili kumi na nne," askari alisoma.

Mtunza stoo alifunua karatasi. "Mia mbili kumi na nne. Kiti kipya, kimenunuliwa mwaka huu. Viko arobaini kwenye orodha hii."

Mtaa mzima ulijua kwamba wakaguzi waliingia ofisini Jumatatu. Sasa Mama Sindano akajua walichokuwa wanakitafuta: viti arobaini vilivyonunuliwa kwenye karatasi tu. Baridi ikampanda kutoka kwenye nyayo, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Bosi, si wewe uliyeniambia nibebe?"

"Mimi? Una karatasi?"

"Ulisema ni kuni."

"Afande, hizi ni kuni?"

Askari alibonyeza kikalio kwa kiganja. Kikashuka, kikapanda. "Hapana. Vipya kabisa hivi."

"Mimi nilikuwepo," alisema wifi. "Ulikuwa umesimama mlangoni unachokonoa meno. Kijiti ukakitupia palepale kwenye viti."

"Wewe ni nani wake?" askari aliuliza.

"Wifi yake."

"Basi kaa kimya, shahidi wa nyumbani."

Mtunza stoo aliinama karibu na sikio la Mama Sindano. Sauti yake ilikuwa na kitu kama huruma. "Ungekuwa na akili ungefuta namba, mama. Mwizi yeyote angefuta."

"Ndiyo maana sikufuta."

Mtunza stoo alimtazama kidogo, kisha akanyoosha mgongo. "Hapa vipo sita," alisema kwa sauti ya kusikika nje. "Thelathini na vinne umeviuza wapi?"

Wifi aliacha nyundo.

"Tuandike maelezo," askari alisema. Akatazama kibanda kizima, akachagua kiti kilichong'aa kuliko vyote, akakivuta, akaketi. Kilikuwa cha sita. "Wewe kaa hapo chini."

Akakaa sakafuni, juu ya vumbi la mbao. Macho yake yakawa sawa na ukingo wa kikalio. Uzi mwekundu ulining'inia kando ya paja la askari, ukitikisika kila alipovuta pumzi.

"Eh, kimetulia hiki," askari alisema.

"Vya kiwandani hivyo," mtunza stoo akajibu.

"Kazi yako?" askari alimuuliza Mama Sindano.

Akisema, watasema alimtegea afande. Asiposema, sindano itasema yenyewe, na hapo halitakuwa tena suala la viti. Alimwita Mungu moyoni, akakwama palepale kwenye jina. Hakujua amwombe lipi.

"Mama, nimekuuliza kazi."

"Afande..."

"Sema, naandika."

Askari akajisogeza nyuma apate kuegemea vizuri, na uzi ukaingia ndani kidogo.