Babu wa Watu Wanane

Mwaka ule wa unga wa yanga, uzi uliadimika Tabora, kwa hiyo Maua alishona kwa nyuzi alizozifumua kwenye magunia ya unga huo huo wa njano. Asubuhi hiyo hakufumua hata pima mbili, vidole vikagoma. Akaisukuma cherehani kando, akatia hati ya babu yake kifuani, akajitanda kanga, akatoka.

"Ndiyo Maskati hiyo, bila hata chai?" Zamda, jirani yake, alimpigia kelele kutoka uani.

"Chai kwa sukari ipi? Nitakunywa huko huko."

"Basi utuletee sukari. Na mume mmoja, asiwe mzee sana!"

Maua alicheka, akaongeza mwendo. Mwanahawa, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Maskati na sasa ana mimba ya kwanza, ya miezi minane, na wamemlaza kitandani. Barua yake ya mwisho haikufika hata nusu ukurasa: Mama naogopa, njoo. Kule hawamwingizi mtu mpaka awe na babu wa huko, na hapa hawamtoi mtu mpaka ofisi ya vibali imkubali huyo babu. Ruhusa ya kule ilikuwa inakwisha wiki ijayo. Faili lake lisipopanda treni ya jioni hiyo kwenda Dar es Salaam, basi tena.

Babu alikuwa naye, na hakumwazima. Nasoro bin Seifu wa Nizwa, mji wa nchi hiyo hiyo, alikuja Unyanyembe na msafara wa nguo, akamwoa bibi yake. Hati ya ndoa ilikuwepo, kwa Kiarabu, na muhuri wa kadhi.

Wala Maua hakuwa mjinga wa kuingizwa mjini na kila mwenye mkoba. Wakala wa vibali wa kwanza alitaka awekewe cherehani rehani, Maua akamkimbia. Wa pili alisema amesoma darasa moja na waziri. Huyo alimkimbia bila kuaga. Wa tatu alikuwa Bwana Sylvester, karani wa zamani wa reli, suti ya Kaunda, ofisi yake meza ya pili kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni. Hakutaka hata senti.

"Niachie hati siku tatu niipige picha, niisome vizuri," alisema. "Kisha tutazungumza."

Siku ya tatu akairudisha, imefungwa kwa karatasi safi. Akamwambia mambo yake yamenyooka, aende mwenyewe, asipoteze fedha kwa wakala. Maua alimsifu mtaa mzima. Tapeli gani anarudisha kitu cha watu?

Sasa alikuwa kwenye ofisi ya vibali, na saa tano zamu yake ilifika. Karani, kijana aitwaye Tobias, alikuwa anachokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti huku anafunua faili.

"Nasoro bin Seifu," alisoma. "Wa Nizwa." Njiti ikasimama. "Huyu mzee alikuwa na uzazi."

"Alizaa mmoja tu. Baba yangu."

"Mama, wewe ni mjukuu wa nane mwezi huu."

Akavuta mafaili saba, akayapanga mezani. Katika kila moja mlikuwa na picha ya hati ile ile, muhuri ule ule, pembe ile ile iliyoliwa na mchwa. Mjukuu mmoja alitoka Bukene, mwingine Tura. Mmoja aliitwa Raymundi.

Maua alishika ukingo wa meza. "Sylvester," alisema.

"Unamfahamu? Vizuri. Barua yake iko wapi?"

"Barua gani?"

"Ya wakala. Hawa wote wana barua ya wakala, ya balozi wa nyumba kumi, ya katibu wa tawi, na picha ya hati. Mafaili yao yamekamilika. Lako ndilo lenye kasoro."

"Baba, mimi nimeleta hati yenyewe!"

"Ndiyo kasoro yenyewe. Watu saba wana picha, wewe peke yako una kitu kingine. Lazima kichunguzwe. Niachie."

"Niandikie kwamba umepokea."

"Fomu za kupokelea hazijafika."

"Andika kwenye karatasi yoyote."

"Mama, karatasi ingekuwepo, ningeandika barua ya kuomba karatasi."

Akanyoosha mkono. Maua akairudisha hati kifuani, akaibana.

"Haya, ichukue," alimwambia.

Benchi zima la waliokuwa wanangoja likaangua kicheko. Tobias akatazama dari, masikio yamemwiva.

"Ukitoka nayo, faili hili silipeleki popote."

"Anayeweza kulipeleka ni nani?"

"Mkuu. Yuko mkutanoni. Labda atarudi saa tisa. Labda Jumatatu."

Jumatatu treni ingekuwa imekwenda. Maua aligeukia benchi. "Wa mwisho nani?"

"Mimi," alijibu mwanamume mwenye vidole vilivyoungua kwa risasi ya kuunganishia bati. Alingoja Tobias ainamie mafaili, ndipo akanong'ona. "Dada, naitwa Mfaume. Natengeneza koroboi. Mimi ni mjukuu wa nne."

Maua alikuwa na matusi tayari, mengi, na mazuri. "Ulimnunua kwa kitu gani?"

"Mabati ya nyumba yangu. Yote kumi na manne. Mvua zikianza sijui." Akatupia jicho meza ya Tobias. "Nimeitwa kuhojiwa. Wakiniuliza habari za mzee, niseme nini?"

Maua alimtazama vidole, akatazama mlango wa mkuu. Ulikuwa na kufuli.

"Sema alikuja kwa msimu mmoja tu," alisema hatimaye. "Tajiri wake akamwambia asubiri, ataletewa ruhusa ya kurudi kwao. Akasubiri miaka thelathini na sita. Kaburi lake liko hapa hapa, Kwihara."

"Na ruhusa ilikuja?"

"Sogea," Maua alisema. "Nikae."