Juliana Asoma Peke Yake

Baba Juliana alishasema neno lake tangu shule zifunguliwe: binti akishindwa kusoma mpaka likizo, anamtoa. Nyarugusu kazi haikosekani. Wasichana wa rika lake walikuwa wakishinda karashani, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, wakishikilia viroba vijazwe. Juliana alikuwa Darasa la Pili, mrefu kuliko wote, kwa kuwa alichelewa kuandikishwa.

Mwalimu Aneth akamweka kwenye kundi la mwenzake Mageni. Vitabu havikutosha, na kuwakaririsha watoto silabi kama kasuku Aneth aliona ni kukitukana Kiswahili. Akawagawia ukurasa kama vijana wanavyogawana matuta wakilima pamoja: mmoja anapitisha unyasi chini ya maneno, mmoja anasoma, wengine wanawinda maneno yenye sauti ya siku hiyo na kuyaandika sakafuni kwa chaki. Aliyekwama hachekwi. Anasema "nipokeeni", jirani anapokea.

Mwanzoni Juliana aliomba kupokewa kila mstari. Baadaye mara moja moja. Kisha akaanza kuwapokea wenzake.

Baba yake alikuja asubuhi moja, vumbi la mawe limemganda kwenye nyusi. Akaonyeshwa kiti, akakataa.

"Shikamoo, Baba Juliana."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja nimsikie."

Siku hiyo waliwinda nywa na nywe. Kundi zima likainamia kitabu.

"Kinywa nimekiona mimi," Mageni alisema.

"Umekionea kwenye unyasi wangu," Juliana akamjibu.

Baba alisikiliza, akatikisa kichwa. "Nasikia watoto sita. Wa kwangu simsikii."

"Wanasoma kwa kusaidiana, baba."

"Hata sisi shimoni tunasaidiana, mwalimu. Lakini nguvu za kila mtu zinajulikana."

Aneth akawanyamazisha wengine. Akafungua ukurasa ambao hawajaufikia, ili asije akaambiwa wamekariri.

"Haya, ng'wana wane, mwanangu," baba alisema. "Soma."

Juliana akasoma. Mbuzi alikunywa maji ya ndoo, nywele za kidevu zikalowa. Kwenye "kunyweshwa" akakwama. Mageni akafungua mdomo. Aneth akamkata jicho. Juliana akalirudia neno kipande kwa kipande, akalivuka, akaenda mpaka nukta ya mwisho.

Baba yake akakaa kwenye kile kiti.

"Anasoma," alisema taratibu. "Kwetu ndiye wa kwanza."

"Mwakani atakuwa mbali zaidi."

"Mwakani ya nini? Si ameshajua?"

"Ndiyo kwanza anaanza, baba. Na ulisema utamtoa akishindwa. Hajashindwa."

"Nilisema. Angeshindwa, angekwenda kushikilia viroba. Sasa atakaa kivulini, asome majina yaliyoandikwa kwenye viroba. Kila siku kiroba changu kinageuka cha mtu mwingine, nami nasimama pale kama gogo. Leo nimepata macho. Si ni heri?"

"Nitakwenda kwa mtendaji wa kijiji."

"Nenda, mwalimu. Utamkuta karashani. Naye ana viroba vyake pale."

Hakusema kwa dharau. Alisimama, akampa Aneth mkono, akaushika kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtu aliyekutendea wema.

"Umefanya kazi," alisema. "Mungu akulipe."

Juliana akakifunga kitabu, akakiweka mezani, akamfuata. Mlangoni baba alimwekea mkono begani mbele ya darasa zima, na Juliana akatabasamu. Hakuwahi kushikwa hivyo.

Watoto watano walibaki wamekizunguka kitabu kilichofungwa.

"Mwalimu," Mageni alisema, "mbona hukumwambia akosee leo? Likizo bado haijafika."

Aneth akamwambia akae. Mageni alikuwa ameshakaa.