Taa ya Nyuma, Mteremko wa Kanaba

Mimi naogopa kitu kinachokuja nyuma. Cha mbele sikiogopi, maana nakiona, nakipigia kelele, nakikwepa. Lakini hata sokoni mtu akinifuata kwa karibu nasimama kando apite kwanza. Mume wangu Twinomujuni hunicheka. Anasema mke wa bodaboda mwenye roho ya kuku ni hasara tupu. Namwambia sawa, na chai uliyokunywa asubuhi imepikwa na kuku huyo huyo.

Hofu hii ilianza na kifo cha Bagambaki. Alikuwa jirani yetu hapa Muko, na kijiwe chake na cha Twino kilikuwa kimoja. Asubuhi moja yenye ukungu alikuwa anateremka Kanaba peke yake, kufuata abiria Kisoro, lori la mizigo likamgonga kwa nyuma likamtupa bondeni. Pikipiki ilibaki mtaroni. Dereva wa lori aliapa mbele ya polisi kwamba hakuona taa yoyote, aliona ukungu tu, mara akasikia kishindo. Nani amwamini? Mke wa marehemu, Kyarisiima, alipewa hospitalini vitu vilivyotolewa mfukoni mwa mumewe: simu, rozari na ufunguo wa pikipiki. Siku ya mazishi shemeji yake aliuomba ufunguo ule, akauchomeka, akakanyaga breki, na ile taa ya nyuma iliyokuwa inaning'inia kwa waya ikawaka mbele yetu sote. Nilikuwepo. Tulimlaani yule dereva mpaka sauti zikakauka.

Basi wanaume wa kijiwe wakakaa wakaamua kwamba taa za nyuma zinazotoka na pikipiki kiwandani ni ndogo mno. Ukungu wa Kanaba unazimeza kama kaa la sigara. Dawa yake ni taa ya pili, kali, ya LED.

Wakaamua, wakaendelea kuongea mpira. Mwanamume akishaamua jambo huona amelifanya.

Mimi nikagoma. Nauza obushera, uji wetu wa mtama, soko la Kisoro, na jerikeni langu haliendi kwa miguu. Nilimwambia Twino sipandi tena pikipiki yako hadi iwe na taa ya pili, na jerikeni halipandi, na chakula cha jioni nacho tutazungumza. Alicheka siku ya kwanza. Chakula kilipochelewa akaacha kucheka, tukaenda wote kwa fundi Orishaba.

"Fundi," Twino akasema, "huyu mama anataka nionekane mpaka Kongo."

"Shemeji ana akili kuliko wewe," Orishaba akamjibu bila kuinua kichwa. "Shuka, shika tochi hapa."

Nilisimama juu yao nikitazama kila kitu. Orishaba alifungua kiti, akavuta waya za taa ya zamani, akazimenya kwa meno. Taa mpya ilikuwa ukanda mwembamba, mrefu kama kiganja changu na vidole vyake. Aliufunga kwa skrubu chini ya keria, akapitisha waya zake ndani ya mpira mweusi ili maji yasiingie, kisha akaziunganisha na zile za zamani kwa risasi na kuzifunga tepu.

"Umeziunganisha wapi hizo?" nikamuuliza.

"Na hii hii ya breki, shemeji. Ya zamani ikiwaka, na mpya inawaka. Zitakuwa kama pacha."

"Na ya zamani isipowaka?"

Akanitazama, akamtazama Twino. "Bwana, nyumbani unalala kweli?"

Wakacheka wote wawili. Twino akawasha pikipiki, akakanyaga breki, na ukuta mzima wa duka ukawa mwekundu. Mtu aliyekuwa anapita akaziba macho. Nami, sitaficha, nilifurahi kama nimejengewa nyumba. Nilimfanya akanyage breki tena na tena hadi Orishaba akaniambia betri si kisima.

Siku ya soko nikapanda. Jerikeni lilikuwa nyuma yangu, limefungwa kwa mpira juu ya keria, na taa chini yake. Kupanda mlima kuelekea Kanaba ukungu ulikuwa bado mwepesi. Kila Twino alipogusa breki nilikuwa nageuka, naona weupe ule nyuma yetu unakuwa mwekundu, narudisha shingo. Nilianza kujisikia mtu mwenye mlinzi.

Sasa lazima niseme jambo la kijiwe chetu. Ukifika juu Kanaba, pale msitu wa mianzi unapoishia, hakuna dereva wetu anayeteremka na injini. Wanazima. Petroli ni ghali, na mteremko Mungu ameutoa bure. Ila wamegeuza ubahili huo kuwa mchezo: nani atafika mbali zaidi bila kuwasha. Kuna anayefika kwenye kibao cha shule, kuna anayefika darajani, na anayefika darajani hununuliwa chai na wenzake. Kwa kuwa ni waongo wote, wamewekeana sharti. Ukiwa na abiria, unachomoa ufunguo unampa abiria akae nao, akishuka atoe ushahidi. Ukiwa peke yako unautia mfukoni. Nimeushika ufunguo huo miaka yote ya ndoa yangu. Najua namna ya kuufunga kwenye pindo la shuka ninayojifunika, mafundo mawili, usidondoke.

Tulipofika juu ukungu ulikuwa mzito, mti wa karibu huuoni. Twino akazima, akachomoa, akapitisha mkono nyuma. Nikaupokea, nikaufunga. Kimya kikatushukia. Ukizima injini pale unasikia maji mtaroni na tairi zinavyolamba lami, na huwa napenda. Siku ile sikupenda. Nilisikia kitu kingine.

"Twino. Kuna lori nyuma."

"Mlima wa serikali huu, mama. Lina haki ya kupita."

"Liko karibu."

"Ukungu unadanganya masikio. Lile liko juu huko."

Lilikuwa linanguruma kwa gia ndogo, mngurumo unaokuja na kupotea kila kona. Tukaingia kona ile yenye mwamba kushoto. Nikahisi Twino anakanyaga breki, mwili wangu ukasogea mbele. Nikageuka kuangalia wekundu wangu.

Ukungu ulikuwa mweupe.

Nikadhani sikuangalia vizuri. Kona iliyofuata akakanyaga tena, nikamsikia akikanyaga, chuma kikalia. Nyuma yetu weupe mtupu, kama pamba.

"Taa haiwaki."

"Inawaka."

"Twino, nakuambia haiwaki, mimi ndiye ninayeona nyuma!"

"Basi waya umechomoka. Huyo Orishaba na tepu yake. Tukifika chini nitaangalia."

Chini kulikuwa mbali. Kushoto mwamba na mtaro wa kina, kulia bonde lile lile lililommeza Bagambaki. Hakuna pa kusimama, na kusimama katikati ya barabara ndiko kujipeleka. Lori likatokeza sauti yake yote kwa pamoja, si juu tena, ni hapa, kona moja tu nyuma yetu. Nikambana mume wangu hadi akalalamika.

"Piga honi," nikasema. "Piga honi atusikie."

"Honi ya nini, na ufunguo unao wewe?"

Alisema kwa utani. Alikuwa bado anatania, maskini. Ufunguo ninao mimi. Bila ufunguo hakuna honi, na bila ufunguo hakuna taa, ya zamani wala mpya. Nikauona ufunguo wa Bagambaki unaning'inia shingoni kwa Kyarisiima pamoja na rozari, maana pikipiki iliuzwa vipuri lakini ufunguo aliubakiza, na kila Jumapili nakaa naye benchi moja kanisani nautazama. Ulitoka mfukoni. Nilikuwa najua siku zote kwamba ulitoka mfukoni.

Nikaingiza mkono kwenye pindo. Mafundo mawili, na shuka imelowa ukungu, na vidole vimekufa baridi. La kwanza halifunguki. Nikalitia mdomoni, nikalivuta kwa meno, huku mwanga wa lori ukianza kuupaka manjano ukungu wa nyuma yetu. Nilikuwa nasali, sijui nilisali nini. Fundo la kwanza likatoka. La pili nikalichana na kitambaa chake.

"Chomeka! Twino, chomeka ufunguo!"

Nadhani ilikuwa sauti yangu iliyomtisha, si lori. Hakuuliza. Akautoa mkono wa kushoto kwenye usukani, akaupokea, akapapasa, ukakwama, akaugeuza, ukaingia, akauzungusha. Akakanyaga breki kwa mguu wote.

Ukungu wote ukawa mwekundu. Ndani ya wekundu ule nikaona uso wa lori, kioo na chuma, karibu kiasi cha kusoma namba zake. Breki za lori zikalia, zikapumua, matairi yakakwaruza, harufu ya mpira ulioungua ikatufikia. Nikafumba macho nikasubiri. Hakikuja kitu.

Nilipofumbua, lori lilikuwa limesimama. Kati ya bampa lake na jerikeni langu palikuwa na nafasi ya mtu kulala, asiwe mrefu.

Dereva alishuka akiwa amejishika kichwa. "Mmetokea wapi?" akawa anauliza. "Mama, mmetokea wapi? Palikuwa hakuna kitu hapa. Palikuwa hakuna kitu."

Twino aliwasha injini, tukateremka polepole na lori likitufuata kwa heshima, na tulipopita daraja hakuna aliyelitazama. Tulipofika Kisoro alikaa chini pembeni ya kibanda changu, kikombe cha obushera mkononi, hakukinywa.

Jioni nilikwenda kwa Kyarisiima kabla ya kwenda kwangu. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: ufunguo, fundo, ukungu mweupe, kisha mwekundu. Nilitegemea ashtuke. Aliendelea kuchambua.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua tangu hospitali. Waliponipa ufunguo nikauliza, huu mmeutoa kwenye pikipiki? Wakasema hapana, mfukoni mwa shati. Nikajua alikuwa amezima. Nikajua yule dereva hasemi uongo."

Hasira ilinipanda nikashindwa kukaa. "Na ukanyamaza, Kyarisiima? Mimi nimetoka kwenye meno ya lori leo. Twino wangu alikuwa mbele yangu. Ukanyamaza?"

"Ningesema, wangesema alijiua kwa ajili ya chai ya darajani." Mikono yake ilisimama ndani ya maharage. "Watoto wake wanasoma hapa. Ungependa waitwe watoto wa mtu huyo?"

Hasira haikuondoka, ila nikakaa chini kando yake. Barabarani pikipiki za kijiwe zilikuwa zinarudi moja moja, kila moja na ukanda wake mpya wa Orishaba chini ya keria.

Kisha akaniuliza, taratibu, "Taa ilipowaka, lori lilisimama?"

"Lilisimama."

"Kabisa?"

"Kabisa, dada."

Hapo ndipo akalia. Wakati wa mazishi hakulia hivyo. Alilia akiwa ameushika ule ufunguo wa shingoni kwa mikono miwili, anaugeuza, anaugeuza, kama mtu anayewasha kitu. Sikujua nimshike wapi.

Alipomaliza alijifuta kwa kanga, akautoa ufunguo kwenye rozari, akasimama. "Twende kijiweni," akasema. "Nitawaambia mwenyewe."

Tukafuata barabara, giza likiwa bado halijaingia. Kila tuliposikia injini nyuma yetu tuliruka kando sote wawili, tukageuka kutazama.