Kilichokuwa Chini ya Mpira

Uliuona. Usiniambie hukuuona. Wiki moja baada ya kumzika kaka yangu, mlango wa chuma wa chumba cha boila ulipakwa mpira mweusi, tena upande wa ndani tu, nawe ukapita na chupa yako ya chai ukikagua viatu vyako. Ukasema wanazuia kutu. Kutu gani hiyo inayoanza siku za matanga?

Nakukumbusha, maana mimi sisahau. Mafundi wa boila walikuwa na kawaida yao: valvu ikigoma, unaandika mlangoni kwa rangi nyeupe, neno na tarehe, ili wa zamu inayofuata aone kabla hajawasha. Kaka aliandika. Aliporudi zamu, valvu ilikuwa ileile. Boila likapasuka, likamuua. Wakubwa wakasema alilala kazini. Asiyekuwapo na lake halipo. Hilo ndilo walilotegemea.

Jana asubuhi tuliingia, mimi na shemeji, mjane wake. Mkaguzi wa ajali alitarajiwa saa sita. Mlinzi alitufungulia tuchukue vitu vya marehemu, halafu akaona pasi kwenye kikapu.

"Mnakwenda kumnyooshea suruali?"

"Afande, wewe funga mlango," shemeji akasema. "Na mdomo."

Akafunga vyote viwili.

Mimi nilikuwa na kopo la tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na kisu. Shemeji alivitazama kama mtu aliyekuta panya kwenye unga.

"Tina itakula mpira. Na rangi ya mume wangu itaibakiza? Viweke kule."

Yeye ni dobi. Miaka kumi na tisa anabandua nembo za mpira kwenye fulana za watu bila kutoboa uzi. Akalowesha kitambaa, akakikamua, akakibandika mlangoni, akapitisha pasi ya moto mdogo huku akihesabu hadi kumi. Kisha akainua ukingo wa mpira kwa ukucha na kuukunja taratibu ujilalie wenyewe, akiuvuta sambamba na chuma. Ukigoma, pasi tena.

"Usiuvute kuja kwako, shemeji. Ulaze. Kama unamvua mtoto aliyelala."

Saa nne tulikuwa na nafasi ya ukubwa wa sahani, tupu. Saa tano ikatokea V. VALVU INAGOMA, mwandiko wa kaka, ile G yake yenye mkia mrefu. Chini yake bado mpira.

Hapo nikasikia kwenye ngazi viatu vya msimamizi, mmoja wa wale waliosema kaka alilala. Hasira ikanipanda, nikashika ukingo uliokwisha kupoa, nikauvuta kwa nguvu zote.

Ukatoka kipande kizima. Chini yake, chuma kitupu.

"Umeondoka na tarehe," shemeji akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Akaninyang'anya kile kipande, akakigeuza. Tarakimu zilikuwa kule nyuma, nyeupe, zimekaa kinyumenyume. Akakilaza juu ya kikapu.

Msimamizi aliingia na mkaguzi. "Neno bila tarehe ni michoro ya watoto," akasema, hata hakutusalimu.

Shemeji akakichukua kile kipande kwa ncha za vidole, akakirudisha mahali pake. Kingo zilizochanika zikakutana, jino kwa jino. Akakifungua tena kama ukurasa. Tarehe ilikuwa ya siku tatu kabla ya mlipuko.

Mkaguzi akapiga picha, kisha akauliza: "Nani aliyaona haya kabla ya kupakwa mpira? Ndugu hawahesabiki. Nataka wawili wa zamu ya siku hiyo. Nipo lango kuu hadi kesho saa nne. Wasipokuja, nitaandika kwamba alilala."

Msimamizi akatabasamu. Anakujua wewe.

Shemeji amekaa kwenye kiti mbele ya ule mlango tangu jana, pasi mapajani, asije mtu na kopo jingine la mpira. Mlinzi amemletea maji.

Wewe ulikuwa zamu ile. Uliusoma ule mlango kwa macho yako, ukamwambia mwenzako, nami nilikuwa nimekuja kumpokea kaka, nikakusikia: "Hii valvu itatuua." Kesho aliyoisema mkaguzi ni leo. Weka hiyo chupa ya chai chini. Nenda lango kuu ukaandike jina lako kabla ya saa nne, na umshike mkono mwenzako mwende naye. Ondoka sasa.