Mamba wa Magunia

Jumamosi saa nne asubuhi Mwanahamisi, mwenye duka la filamu karibu na stendi ya Mbinga, aliweka diski mpya na kumsogezea Scholastica kigoda. Ilikuwa ile filamu ya mamba mchawi, iliyopigwa ufukweni Lundo miaka ishirini iliyopita. Kanda ya zamani ilikuwa ukungu mtupu, na watu waliipenda hivyo hivyo. Sasa ilikuwa imetolewa upya, picha safi kama maji ya kunywa.

Usafi huo haukuwa na adabu. Meno ya mamba yalionekana kuwa magunzi ya mahindi, na tumboni palisomeka KAHAWA, kwa kuwa ngozi yake ilikuwa magunia. Ndani ya kinywa yalionekana macho ya mtu. Scholastica aliyatambua, yalikuwa yake. Ndiye aliyetambaa mchangani siku tisa, halafu Ignatio, mwenye filamu, akaandika mwishoni kwamba mamba ni Victor, shemeji yake Ignatio. Victor siku zote zile alikuwa Songea. Scholastica alipowaambia wanawe kwamba mamba alikuwa yeye, walicheka, na hilo lilimkaa rohoni. Alitaka jina lake tu.

Mamba akatoka kwenye runinga, akamwamkia bibi aliyekuja kuchaji simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Angalia waya hapo."

"Ndani yangu alikuwamo Scholastica wa Mkumbi," mamba akasema, akashika njia.

Kufikia Jumapili alikuwa ametoka katika kila runinga yenye diski ile, akisema neno hilo hilo. Watu walideki maji aliyoacha, wakaenda kanisani. Wanawe Scholastica nao walimsikia.

"Mama, huyo si wa kwenye filamu? Atasema lolote," wakamwambia.

Mwezi uliofuata Ignatio alipanda bodaboda hadi Mkumbi, na toleo jingine mkononi.

"Dada, nimerekebisha. Kosa lilikuwa langu."

Scholastica akafurahi kweli kweli. Akawaita watoto, mamba naye akajilaza mkekani, wakasubiri majina. Yakapita polepole, yanasomeka hata bila miwani. Mamba: Yeye Mwenyewe. Mlezi wa Mamba: Victor. Shukrani kwa akina mama wote wa Mkumbi.

Watoto wakampigia mamba makofi. Mamba alifungua kinywa aseme, wakamwambia asijishushe, anastahili. Kitinda mimba akamwomba mama yake amletee mgeni chai. Scholastica akaenda kuinjika sufuria.