Nani Atamcheka Mama

Nimefanya kazi ya ukalimani hapa Kindu zaidi ya miaka ishirini, na nasema bila kujisifu kwamba mdomo wangu ndio ulionilisha. Ndio huo huo ulionipotezea ndugu, na karibu umponze mama yangu pia.

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mji ulikuwa umezingirwa. Ukienda shambani huna hakika ya kurudi, kwa hiyo mpunga ulioza huko huko, na chumvi ilikuja kwa ndege tu, ikauzwa kwa kijiko. Mimi nilibahatika. Kifaransa changu kilikuwa safi, na shirika moja dogo la matibabu likanichukua nimtafsirie muuguzi wao, Hélène, aliyetoka Ufaransa. Kutwa nilikaa kati yake na wanawake waliokuja kusimulia waliyotendewa vitani. Wao wanasema, mimi nasema, yeye anaandika.

Baada ya miezi sita nilikuwa hoi. Sikuchoshwa na maneno tu, nilichoshwa na uso wa Hélène, ulivyokuwa ukisinyaa kila nilipofungua mdomo. Nikajiambia, huyu ataondoka hapa anajua ubaya wetu peke yake. Basi nikaanza kututengeneza katika tafsiri. Mlevi akiongea, kwangu anatoka hajanywa hata tone. Mzee akitukana serikali, kwangu anashukuru kwa msaada. Hélène alipata kuniambia kwamba watu wa Kindu wana adabu ya ajabu, na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mwongo mkubwa.

Mwezi wa kumi baba akafariki. Baba yangu, Edouard, alikuwa karani wa reli. Treni ilikuwa haijafika Kindu tangu vita vianze, lakini yeye kila asubuhi alivaa kofia yake ya kazi, akaenda stesheni, akaitazama saa yake ya mkononi, ambayo nayo ilikuwa imesimama, kisha akarudi nyumbani na kumwambia mama, "Imechelewa kidogo." Mtaa wetu wote wa Kasuku ulimjua kwa hilo. Malaria ilimmaliza kwa siku nne. Hélène alimletea dawa mwenyewe, kwa miguu, siku ya tatu.

Sasa lazima nieleze kidogo, ingawa kueleza ndiko kulikoniharibia. Kwetu mpwa ni mtani wa mjomba wake. Mjomba akiwa hai, mpwa anamnyang'anya kuku mchana kweupe na kumwita mke wa mjomba "bibi yangu", yaani mke wangu, na hakuna wa kukasirika. Mjomba au mkewe akifa, mpwa ana kazi. Anavaa nguo za marehemu, anatembea na kusema kama yeye, anataja vituko vyake mbele ya jeneza mpaka wafiwa wacheke. Mwisho anakunja mkeka aliokalia mjane na kusema basi. Mkeka usipokunjwa na mtani, matanga hayajaisha, na marehemu hajaagwa.

Mtani wa baba alikuwa Mardochée, mtoto wa shangazi yangu. Siku ya mazishi aliingia uani amevaa kofia ya reli ya baba, kifua mbele, tumbo ndani. Akasimama kando ya jeneza, akatazama mkono wake mtupu kana kwamba una saa.

"Abiria wote mutulie!" akasema kwa sauti ya baba hasa, na kwa Kiswahili chetu, ambako ndio ni njo na kuja ni kukuya. "Treni iko inakuya. Miye njo nasema! Imechelewa kidogo, miaka mine tu!"

Uani kukalipuka kicheko. Mama, aliyekuwa hajala wala kunena tangu juzi, akajishika mbavu pale mkekani, machozi yakimtoka, akacheka. Nami nilikuwa karibu kucheka, kwa sababu ilikuwa ni baba mtupu. Lakini pembeni yangu alikuwa amesimama Hélène, aliyekuja kutupa pole, na nilipomtazama nikaona ameziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka.

Damu ikanipanda. Nikajiona nimesimama mbele yake bila nguo. Nikamwambia kwa Kifaransa, haraka haraka, kwamba hawa ni watu wa kijijini, hawana elimu, watu wastaarabu hapa hawafanyi hivi. Kisha nikamgeukia Mardochée, tena mbele za watu.

"Toka! Unatutia haya mbele ya muzungu. Muko wanyama?"

Mardochée alitoka na kofia kichwani, akashuka hadi mtoni, akapanda mtumbwi kwenda kwake ng'ambo, Alunguli. Tulimzika baba kwa nyimbo nzuri za kanisani, kila mtu amesimama wima, na hakuna aliyecheka tena.

Jioni ile Hélène aliniuliza, "Kwa nini ulimfukuza yule bwana? Niliziba mdomo nisicheke. Niliogopa mngeniona sina adabu."

Nilimsindikiza hadi langoni, nikarudi kwa mama.

Mama alikuwa na neno lake, na alilisema mara moja tu. "Umemuzika baba yako kama mutu asiyekuwa na ndugu." Halafu akauegemeza ule mkeka ukutani, wazi, bila kuukunja, na hakuruhusu mtu mwingine aukunje. Nilimtuma mjumbe kwa Mardochée mara mbili. Mara ya kwanza alisema yuko na kazi. Mara ya pili alisema wanyama hawasikii Kifaransa.

Miaka ikaenda. Vita vikaisha hapa mjini, Hélène akarudi kwao, mimi nikapata jina. Na kwa aibu niliyokuwa nayo nikageuka upande wa pili kabisa. Mgeni akigusa mila yetu hata kwa ukucha, mimi namwandama. Nikawa naalikwa kwenye semina na redioni nieleze "falsafa ya kicheko katika msiba wa Maniema". Nilieleza vizuri sana. Wageni waliandika, walipiga makofi. Nyumbani kwetu mkeka uliendelea kuegemea ukutani, na mama, kila akiufagilia chini, hakunitazama.

Mwaka huu mama aliugua. Alikuwa na miaka themanini na mbili na moyo ulikuwa umechoka, daktari hakutuficha. Asubuhi moja nilikuwa namlisha uji, akausukuma mkono wangu.

"Hauna chumvi."

"Mama, ni uji wa sukari."

"Nimesema hauna chumvi." Tangu vita alikuwa hivyo, kila chakula cha kila mtu hakina chumvi, na chini ya kitanda chake kulikuwa na kopo la chumvi ambalo sote tulijifanya hatulijui. Kisha akauliza, "Gisèle, nikikufa, nani atanicheka?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko. Kisha nikashuka mtoni.

Mardochée nilimkuta Alunguli anapanga matofali ya kuchoma. Amezeeka, nywele nyeupe, mikono ile ile mikubwa. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu kwenye mtumbwi. Nikaanza kumweleza kwamba wakati ule nilikuwa mdogo, kwamba vita vilitufanya tujione kwa macho ya wengine, kwamba sasa ninaithamini sana nafasi ya mtani katika jamii yetu...

"Weye," akanikata, "uko unanitafsiria miye kwa miye?"

Nikaokota tofali nikampa.

"Ile siku uliniita munyama sababu ya muzungu. Sasa nasikia kwa redio unanisifu sababu ya wazungu." Akaweka tofali moja juu ya jingine. "Miye sikukuyaka pale sababu yao. Nilikuya kumuaga muyomba wangu."

"Nisamehe, Mardochée." Hayo tu ndiyo yaliyobaki ya hotuba yangu yote. "Mama anakufa. Anauliza nani atamcheka."

Mikono yake ikasimama. "Bibi yangu njo amesema vile?"

"Ndiyo."

"Na wageni wakiwa pale, utasema nini?"

"Sitasema kitu."

Akacheka puani. "Weye? Utasema tu. Nenda, mama hapana wa kuachwa peke yake."

Hakuniambia atakuja, wala hakuniambia hatakuja. Nilirudi nikamwambia mama kwamba nimemwona Mardochée. Akauliza kama amenenepa. Nikasema hapana. "Hana mutu wa kumupikia muzuri," akasema, na ndilo jambo la mwisho la maana aliloniambia. Jumanne alfajiri akatutoka.

Jumatano mchana ua ulijaa. Jeneza lilikuwa chini ya turubai, na mkeka wa zamani tuliutandika kando yake, kwa kuwa mama mwenyewe aliagiza. Mgeni naye hakukosekana. Safari hii alikuwa Michel, mtafiti Mbelgiji ninayemtafsiria, kijana mpole, daftari mfukoni. Padri alimaliza sala. Wabebaji wakasogea. Niliangalia lango la ua, nikaangalia tena. Hakuna mtu. Nikajiambia, haya Gisèle, umemzika wa pili vile vile.

Hapo jikoni kukasikika mfuniko wa sufuria ukianguka.

Akatokea Mardochée. Alikuwa amefunga kitenge cha mama cha kijani hadi kifuani, fimbo ya mama mkononi, mgongo umepinda vile vile, na kwapani amebana lile kopo la chumvi. Wanawake wa jikoni walikuwa wamemficha tangu asubuhi. Akapita kwa wafiwa mmoja mmoja akinusa sahani zao.

"Hii haina chumvi. Hii nayo haina chumvi. Padri, weye nawe sala yako haina chumvi!"

Padri mwenyewe akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Ua mzima ukaangua kicheko. Shangazi zangu walishikana wasianguke. Mardochée akafungua kopo, akachungulia ndani, akalifunga haraka na kulikumbatia. "Watoto wangu munanitazama nini? Hii chumvi haiko! Haijapata kuwa!"

Michel akaninong'oneza, "Anasema nini? Hii ina maana gani?"

Na mdomo wangu, Mungu anisamehe, ukafunguka wenyewe. "Kwetu sisi," nikaanza kwa Kifaransa, "kicheko mbele ya kifo ni namna ya..."

Mardochée alikuwa ameshanifikia. Alijipenyeza kati yangu na Michel, akamshika mgeni mkono, akanyoosha shingo kama ninavyoinyoosha mimi, akakunja midomo, na kuanza kumtafsiria jeneza kwa Kifaransa kisichokuwepo duniani. Voala-voala nyingi, vidole juu, kope zikipepesa. Kisha akaligeukia jeneza na kutafsiri kwa Kiswahili: "Mama, muheshimiwa anasema amefurahi sana kukujua. Anauliza, kufa kwako ni kwa mila ama ni kwa maendeleo?"

Ilikuwa ni mimi. Ilikuwa ni mimi mtupu, na kila mtu uani alijua, hata watoto. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikahisi aibu ile ya zamani inapanda, ikafika kooni, na hapo ikageuka. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikapiga magoti kwenye mkeka wa mama, na katikati ya kicheko kilio kikatoka, kilio cha mama na cha baba pamoja, ambacho nilikuwa nimekibana tangu mwaka ule.

"Anasema nini?" Michel akauliza tena, naye anacheka bila kujua anacheka nini.

Sikumtafsiria.

Kicheko kilipotulia, Mardochée aliingiza mkono ndani ya kitenge akatoa kitu kilichofungwa kwenye nailoni. Ilikuwa kofia ya reli. Alikuwa ameitunza muda wote huo, hata kibati cha mbele chenye nembo ya reli kilikuwa kimesuguliwa. Akaivaa. Mgongo ukanyooka, kifua mbele, tumbo ndani, na baba akawa amesimama pale uani kwetu. Akatazama mkono wake mtupu.



"Ehee," akasema kwa sauti ya baba. "Njo hii imefika. Nilisema miye, imechelewa kidogo tu." Akainama, akalipigapiga jeneza taratibu kwa kiganja, akamwita mama kwa jina lake. "Joséphine, panda. Kiti chako iko. Na ile chumvi usisahau."

Akaiweka kofia juu ya jeneza, na kopo la chumvi kando yake. Kisha akaniinua kwa mkono, akanisogeza pembeni, akaukunja ule mkeka toka upande wa miguu hadi wa kichwa, polepole, akautia kwapani.

"Basi," akasema.