Twiga wa Mama Aline

Uongo wangu ulijulikana Katumba nzima, makazi yetu wakimbizi. Niliwahi kuwaambia watu kwamba nilivuka pori la Katavi nikitembea juu ya mgongo wa chatu aliyelala, nikashuka mkiani kabla hajaamka, wakaninunulia pombe. Kwa hiyo mwaka 1994, jirani yetu Leonidas alipomvunja mkewe taya, mzee wa kanisa Apolinari hakwenda polisi. Alikuja kwangu.

"Polycarpe, tutungie kitu. Hospitali ya Mpanda wakisikia kapigwa, watadai fomu ya polisi. Na polisi wakija watasema nini? Wakimbizi wanyama. Si Leonidas peke yake, ni sisi wote."

"Mama Aline mwenyewe anasemaje?"

"Atasemaje, na taya limevunjika?"

Nikacheka. Leo nikikumbuka kicheko kile nasikia kama nimemeza nzi.

Siku moja kabla, nilikuwa na Leonidas mjini Mpanda, mtaa wa Makanyagio, akiuza maharage. Mnunuzi alimwita "we mkimbizi" na kumrushia gunia tupu usoni. Leonidas akatabasamu, akasema asante bosi. Kwenye kizuizi, askari wakamchuchumaza juani saa nzima, eti kibali chake cha kutoka makazini kimelowa jasho. Akatabasamu tena. Tabasamu lile alilibeba mpaka mlangoni kwake, akalivua hapo. Thacienne, ndiye huyo Mama Aline, aliuliza tu kama amekumbuka chumvi.

Majirani wakasema maskini, ana machungu. Machungu gani yasiyomwona askari, yasiyomwona mnunuzi, yakafika nyumbani ndipo yakapata macho?

Basi nikampakia Thacienne kwenye keria ya baiskeli, taya limefungwa kwa kitenge. Udenda na damu vilinilowesha shati mgongoni. Leonidas alitufuata na baiskeli yake. Kwenye kizuizi askari akauliza, "Huyu kafanyaje?"

"Twiga, afande! Alikuja kunywa maji kwenye karai la kufulia. Povu la sabuni likamwingia puani. Akapiga chafya, akainua kichwa ghafla, na mama wa watu alikuwa ameinama palepale. Kidevu kwa pembe!"

Askari akaita wenzake. Nikarudia, nikaongeza na chafya yenyewe. Walicheka wakishikilia mbavu, na aliyecheka kuliko wote ni Leonidas. Thacienne akanigonga begani, akamnyooshea mumewe kidole.

"Anataka nini huyo?"

"Anamshukuru mumewe, afande. Ndiye aliyemfukuza twiga."

Wakatufungulia.

Hospitalini tulipokewa na muuguzi mmoja mwenyeji, Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, jina lake Getrude. "Haya, imekuwaje?"

Nikafungua mdomo. Kabla twiga hajatoka, kiganja cha Thacienne kikaniziba, kinanuka damu iliyochacha. Mkono wake mwingine ulinyooka dirishani, kule nje alikokuwa Leonidas amekaa anamenya chungwa. Kisha akakunja ngumi, akajigusa taya. Akarudia.

Getrude aliweka kalamu chini. "Na wewe ni nani wake?"

Kiganja kikaondoka. "Nimekuja kumsemea," nikasema.

"Kasimame nje. Kumbe anajisemea."

Fomu ya polisi aliishughulikia Getrude mwenyewe. Leonidas alifungwa miezi sita. Hakuna mkimbizi mwingine aliyeguswa, makazi yalibaki palepale, na Apolinari aliendelea kukusanya sadaka kama kawaida. Thacienne alihamia kwa dada yake Emelyne, pamoja na Aline, na hakurudi kwa mume.

Mpaka leo kilabuni wananiomba ile ya twiga. Nikikataa, yupo anayeisimulia vizuri kuliko mimi: Leonidas. Chafya ndiyo anaipatia hasa. Kuna siku Thacienne alipita njiani na taya lake la upande, na wanaume wale wakapiga chafya kwa pamoja. Hakugeuka. Mimi nilizunguka nyuma ya kilabu, nikatapika pombe waliyoninunulia.